Kasha la bunduki na mfuko wa turubai: Mombasa mpaka Selous, kwenda na kurudi

Nlisema nkirudi salama ntaandika vile nlivyosafirisha bunduki yangu, basi ndio hii. Kwa asiyejua, Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, kwa hivo ukimuona mtu wa Mombasa ana bunduki ya kuwindia pale eapoti ya Moi jua anavuka mpaka. Mimi nlikuwa naenda Tanzania mwezi wa nane, Pori la Akiba la Selous, kile kipande kilichobaki cha vitalu vya uwindaji baada ya sehemu kubwa kufanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Nlikuwa natafuta nyati mmoja tu. Bunduki ni ya kipimo cha risasi cha .375 H&H ya marehemu mzee wangu, leseni ishaingia jina langu zamani, na Watanzania kwa mnyama mkali kama nyati hawataki bunduki iliyo chini ya .375 kwa hivo ile ile ya mzee ndio ilifaa. Nimetaja mzee mjue kwa nini kasha lilinisumbua akili miezi miwili mizima. Bunduki ikivunjika kitako ntanunua nyingine dukani, lakini ile mbao ameishika yeye, ina alama ya mkono wake, hiyo hainunuliki.

Kasha lenyewe ni la plastiki ngumu nyeusi, la aina ya wale wapiga picha hutilia kamera na droni ila hili ni refu, ndani sentimita 128, lina magurudumu mawili upande mmoja na raba nyembamba inazunguka mfuniko mzima maji yasiingie. Nlilipata kwa mtu aliyekuwa anauza vifaa vyake vya kazi pale Nyali, shilingi elfu thelathini na nne, na nlilikagua nusu saa nzima kabla sijatoa pesa. Na hapa nataka mnisikize vizuri kwa sababu wengi huangalia kufuli tu, kufuli kubwa ndio wanaona salama. Wewe funga kasha, tia kufuli zako zote, alafu shika pembe ya mfuniko uivute kwa nguvu kama mwizi. Kidole kikipita, liache. Nliyoyaona mengine mawili kabla ya hili yote kidole kilipita, moja hata mkono ulikuwa karibu uingie, na watu wa ndege wanachotaka ni kasha gumu lisilofunguka likishafungwa. Hili langu lina matundu manne ya kufuli yaliyo kwenye mwili wa kasha wenyewe, si kwenye vishikizo, nkatia kufuli nne za chuma na funguo zikakaa mfukoni mwangu safari nzima. Zile video za Wamarekani zinazobishana kuhusu kufuli za TSA, wale wakaguzi wa eapoti zao, wala zisiwapotezee wakati, huko ni mambo ya kwao.

Kuna kitu kengine kidogo ambacho kama hukijui kitakutoa jasho. Kasha lisiloingiza hewa likipanda juu na kushuka linaweza kunyonyana likawa halifunguki, kwa hivo lazima liwe na valvu ya kutoa hewa. Hili lina ile ya kujiendesha yenyewe. Za zamani zina kifundo cha kuzungusha kwa mkono, ukisahau utasimama mbele ya polisi unavuta mfuniko hautoki.

Sponji iliyokuja nalo ndio ilikuwa mbaya, imeshaliwa na joto, ukiigusa inabaki unga mikononi. Nkaenda kwa fundi wa viti Majengo akanipa sponji ngumu ya godoro, tukailaza bunduki juu yake tukachora na kalamu ya wino akakata kwa kisu cha moto, bolti, kile chuma cha kufungia chumba cha risasi, ikapata shimo lake mbali na mtutu, darubini imebaki juu ya bunduki lakini hapo chini tulichimba zaidi isibebe uzito wowote. Elfu moja na mia nane na chai. Kazi safi.

Sasa lile lililonifanya niandike haswa. Ndege kubwa inataka kasha gumu. Lakini Dar kwenda kitaluni ni ndege ndogo, Caravan, na hizo sheria yake ni kinyume kabisa, wanataka mfuko laini na kilo 15 za mizigo kwa mtu, kwa sababu mizigo inasukumwa kwenye lile tumbo la chini na kitu kigumu kirefu kinawasumbua. Mimi nliligundua hili wiki tatu kabla ya safari, tena kwa bahati, nlikuwa nasoma barua ya kampuni ya uwindaji mara ya pili usiku na wife amelala. Kasha langu tupu ni kilo nane na nusu! Ukitia bunduki na darubini unapita kumi na tatu, zibaki kilo mbili za viatu na nguo za siku kumi.

Nkampelekea shida yangu fundi wa turubai pale karibu na Mwembe Tayari, yule anayeshona maturubai ya tuktuk na ya malori, mzee wa makamo mtaratibu sana. Nkamwambia ami nataka mfuko wa bunduki, mrefu hivi, ulaze ndani ya hili kasha bila kutoa sponji. Hakushtuka, akaniuliza leseni nkamuonesha, akacheka akasema mimi nataka kujua uzito tu mwanangu, si jambo lengine. Akashona turubai nzito ya kijani nje, ndani blanketi, zipu ya urefu wote, na mkanda wa bega umepita chini ya mfuko mzima ukarudi, si kushonewa pembeni tu, akasema mkanda wa kushonewa pembeni ndio hung'oka. Mdomo wa mtutu ameweka kipande cha ngozi mara mbili usitoboe. Shilingi elfu tatu na mia tano, siku nne. Nmeona mifuko ya kigeni ya elfu ishirini mkanda wake haufiki hapo.

Safari yenyewe. Tiketi nlikata mapema na siku hiyo hiyo nkawaandikia wanaosafirisha kwamba nina bunduki moja na risasi, nkangojea jibu kwa maandishi. Karatasi zilikuwa leseni yangu, kibali cha kuitoa Kenya, na kibali cha Tanzania cha kuiingiza kwa muda ambacho kampuni ya uwindaji ndiyo ilinishughulikia, zote nakala nne nne. Asubuhi nlitoka Kisauni alfajiri sababu foleni ya Magongo unaijua, nkafika masaa matatu na nusu kabla. Polisi wakanipeleka chumba cha pembeni, nkafungua mwenyewe, wakasoma namba iliyochongwa kwenye chuma wakalinganisha na karatasi, wakaangalia chumba cha risasi kitupu, bolti nje. Adabu tupu, wallahi, dakika ishirini.

Shida ilikuwa kaunta. Jina la kampuni ya ndege nimelihifadhi. Kijana akaniambia risasi haziruhusiwi kabisa, nkamuonesha barua ya kampuni yake mwenyewe, akasema basi zitie kwenye kasha pamoja na bunduki, polisi aliyenisindikiza akakataa. Kanuni ya ndege za abiria duniani ni kilo 5 za risasi kwa abiria mmoja, ziwe zimefungwa imara kwenye boksi lake, zisafiri na mizigo ya chini, na wawili hamuruhusiwi kujumlisha kilo zenu kwenye pakiti moja. Zangu zilikuwa boksi tatu za ishirini ishirini na mzani haukufika kilo tatu. Tumebishana dakika arubaini mpaka msimamizi akaja akasoma barua akasema sawa. Nlikasirika sana na bado nimekasirika, kwa sababu nliwajulisha mapema, nlifanya kila walichotaka, na mtu wa kaunta hakuambiwa chochote. Kama si yale masaa ya ziada ndege ingeniacha.

Na rafiki yangu tuliyesafiri naye alinyang'anywa kopo la kupuliza la mafuta ya bunduki na chupa ya dawa ya kusafishia mtutu, vyote vinashika moto havipandi ndege. Mafuta nunueni huko mnakokwenda au waulizeni kambi, kambi zote zina mafuta. Pawa benki na betri za tochi za akiba zikae na wewe juu, si kwenye mizigo. Nguo za madoadoa za kijeshi acheni nyumbani kabisa, Kenya na Tanzania zote ni kesi hiyo, vaeni kijani au kaki, na msichukue buluu wala nyeusi kwa sababu mbung'o wanazipenda rangi hizo, hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi. Mimi nlikuwa na kofia ya buluu. Shingo iliniuma siku tatu.

Nlibadilisha ndege Nairobi, na Dar kasha halikuja kwenye mkanda na mizigo mingine, moyo ukanidunda, kumbe bunduki huletwa kwa mkono mpaka ofisi ya polisi na ndio inavyofaa. Pembe moja ina mkwaruzo mrefu kama limeburutwa kwenye lami. Nkafungua mikono inatetemeka: bunduki haijasogea hata unywele. Kwenye ofisi ya kampuni nkatoa mfuko wa turubai na bunduki ndani yake, kasha nkalifungia hapo hapo stoo, rubani wa Caravan akaubonyeza mfuko akakubali kwa kichwa akausukuma kwenye tumbo la ndege. Kilo kumi na nne na robo na kila kitu.

Kitaluni kitu cha kwanza ni kupiga karatasi ya shabaha, kuona kama darubini haijasogea. Mwindaji bingwa, yule anayeongoza wageni, hata hakuniuliza, alinipeleka tu. Risasi tatu kwa mita mia, zote zimekaa juu kidogo upana wa vidole viwili, ambapo ndipo nlipoiacha Mombasa. Nyati nlimpata siku ya sita. Hayo ntayaeleza siku nyingine.

Ubaya wa kasha ni mmoja na kwa sisi watu wa pwani ni mkubwa. Raba ile inayozuia maji yasiingie ndiyo hiyo hiyo inayozuia unyevu usitoke. Nlirudi Mombasa nimechoka nkaliacha limefungwa siku tano, kufungua nkakuta vumbi la kutu la rangi ya chungwa karibu na kitundu cha skrubu ya darubini. Limetoka kwa mafuta na kitambaa alhamdulillahi, lakini hewa yetu ya chumvi haikupi wiki mbili. Sponji inakunywa unyevu kama godoro la mtoto. Kasha ni la safari, ukifika nyumbani toa bunduki, ipake mafuta, irudishe kwenye sefu yake, na ndani ya kasha liache wazi na vile vifuko vya silika jeli vya kunyonya unyevu.

Kasha nalipa nyota nne. Fundi wa turubai tano, na mkienda kwake mpeleke kipimo cha kitako mpaka mdomo wa mtutu mkiwa mmeshapima na darubini imefungwa juu, kwa sababu mimi nlipima bila darubini ikabidi afumue upande mmoja aanze tena, na hakunidai hata shilingi.