Kamera ya Mtego Shambani Karen: Chombo Kizuri, Maagizo ya Nchi Nyingine

Kamera ninayoieleza hapa ni ya daraja la kati miongoni mwa kamera za mtego, yaani zile zinazopiga picha zenyewe mnyama anapopita, zinazouzwa madukani katikati ya jiji la Nairobi. Ina kihisi cha joto, taa za infraredi zisizoonekana kwa macho na nafasi ya betri nane ndogo. Nimeitumia katika shamba la familia yetu huko Karen, penye miti mikubwa, kichaka kizito upande wa bondeni na ua mrefu wa kayaba, ambako pongo, digidigi na mara mojamoja suni, wote wa jamii ya swala, hupita usiku. Chombo chenyewe ni kizuri na kinastahili bei yake. Kijitabu cha maagizo, hata hivyo, kimeandikwa kwa ajili ya mwenye shamba wa Marekani anayewapiga picha kulungu, na anayekifuata neno kwa neno hapa Nairobi atapata picha chache na hafifu, kisha ailaumu kamera isiyo na hatia.

Jambo la kwanza ni kimo. Kijitabu kinataka kamera ifungwe kwenye mti takriban mita moja kutoka ardhini, na kwa kulungu wa mkia mweupe, ambaye bega lake hukaribia kimo hicho, ushauri huo ni sahihi. Digidigi hafiki hata nusu yake, kwa kuwa bega lake huwa kati ya sentimita 30 na 45, na suni ni mdogo vivyo hivyo. Kamera iliyofungwa juu kiasi hicho humpiga digidigi mgongo tu, au kihisi humkosa kabisa anapopita karibu. Kimo kinachotufaa ni sentimita 40 hadi 50, yaani usawa wa goti la mtu mzima, na njia ya wanyama iwe mita tatu hadi tano mbele ya lenzi. Kwa mpangilio huo pongo naye huonekana mzima. Nina picha ya pongo jike aliyesimama ubavu, ambayo madoa meupe ya paja lake yanahesabika moja moja, pua inang'aa kwa umande, na sikio la kushoto limegeuzwa nyuma kuelekea barabara ya lami.

Kihisi cha aina hii hakioni umbo la mnyama. Hutambua joto linaposogea kutoka sehemu moja ya uwanja wake hadi nyingine. Ndiyo maana mnyama anayekatiza mbele ya kamera hunaswa upesi kuliko yule anayeijia moja kwa moja. Hata hivyo, kamera iliyokabili njia kwa pembe mraba huchelewa kidogo na kuambulia mapaja na mkia. Pembe ya nyuzi 45 kwa njia ndiyo iliyonipa picha nyingi zenye uso. Mahali penyewe nilionyeshwa na mzee anayetunza shamba, ambaye alijua penyo la chini ya kayaba ambalo pongo hulitumia, na hakuna kijitabu kingeweza kuniambia hilo.

Kuhusu jua, maagizo yanasisitiza kwamba lenzi itazame kaskazini tu. Kule Marekani kuna sababu, kwa kuwa jua la mchana hukaa upande wa kusini. Nairobi iko karibu sana na ikweta: jua huelekea kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba, na nyakati zote mbili huwa juu mno adhuhuri kuweza kuisumbua lenzi. Kwa hiyo kaskazini na kusini zote zinafaa. Mashariki na magharibi ndizo za kuepukwa, maana jua hukaa chini saa zile zile za alfajiri na magharibi ambazo pongo hutoka kichakani, na picha hugeuka weupe mtupu.

Kamera ifungwe kwenye shina nene. Mkaratusi mchanga huyumba kwa upepo, na kila kuyumba huweza kufyatua picha tupu. Nyasi nazo, hasa baada ya mvua za Machi hadi Mei, hukua upesi mbele ya lenzi, hupata joto la jua, hutikisika, na kadi hujaa picha za majani. Ni lazima zikatwe kila mara. Kwa betri, nunua za lithiamu na usipoteze fedha kwa nyingine.

Ushauri mmoja wa kijitabu naupinga kabisa, nao ni wa kumwaga mahindi mbele ya kamera. Huku kwetu mahindi yatawaita kima na ngiri kabla ya pongo yeyote, na kuwakusanya wanyama mahali pamoja kila usiku ni kumwandalia chui mawindo karibu na nyumba za watu. Njia ya asili na kidimbwi cha maji vinatosha.

Kasoro za chombo zipo. Mpira unaoziba mlango wa betri ni mwembamba, na sisimizi hupenya wakajenga ndani. Hukagua na kuupangusa kila ninapobadilisha kadi. Mkanda wa kufungia hulegea ukilowa, na lenzi huinama pole pole hadi inatazama ardhi. Taa za infraredi, kwa kuwa hazionekani, hazifiki mbali kama zile zinazotoa wekundu hafifu, lakini kwa umbali wa mita tano upungufu huo hausumbui, na wanyama hawashtuki.

Yeyote atakayeifunga karibu na mpaka aielekeze ndani ya shamba lake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake binafsi, na jirani anayepita na watoto wake hakuomba kupigwa picha. Tena, uwindaji umepigwa marufuku nchini tangu 1977, lakini mitego ya waya bado hutegwa, kwa hiyo usimwonyeshe mtu usiyemjua mahali wanyama wanapopita.

Kwa mashamba yenye miti ya Karen na Lang'ata naipendekeza bila kusita. Mwenye ploti ya wazi upande wa Kitengela, penye nyasi ndefu, upepo na ardhi inayochomwa na jua mchana kutwa, atafute yenye kihisi kinachoweza kupunguzwa makali, kwa kuwa hii haina kirekebisho hicho.