EQIP au CSP: mkulima wa Marekani abishe hodi wapi?

EQIP na CSP ni mipango ya serikali ya kuwasaidia wakulima kwa fedha ili watunze ardhi na maji. Yote miwili iko chini ya NRCS, idara ya uhifadhi wa maliasili katika Wizara ya Kilimo ya Marekani iliyozaliwa mwaka 1935, enzi za vumbi lililoyameza mashamba. Yote huwalipa wenye ardhi inayoendelea kulimwa au kulishia mifugo.

EQIP, iliyoanza mwaka 1996, ni ya kutibu tatizo mahususi: korongo linalokula shamba, samadi inayotiririkia mtoni, ng'ombe wanaokanyaga kingo za kijito kwa kukosa uzio na birika. Serikali hubeba hadi asilimia 75 ya gharama. Kwa wakulima wapya, maveterani wa jeshi na wenye kipato kidogo hufika asilimia 90, nao wanaweza kuomba nusu ya fedha mapema. Hapo ndipo moyo wangu ulipo, maana wengine hulipwa baada ya kazi kukamilika na kukaguliwa, na asiye na akiba atachimbaje kisima kwanza? Tahadhari: ukianza kazi kabla ya kusaini mkataba, kwa kawaida hulipwi.

CSP humtazama aliyekwisha kuitunza ardhi yake vizuri na yuko tayari kuongeza. Huingiza shamba zima, kwa mkataba wa miaka 5, malipo kila mwaka.

Mwenye shamba lililochoka aanze na EQIP, hata kama malipo ya kila mwaka yanavutia zaidi. CSP itamfaa udongo ukishapona.