Florence kwa Miguu: Ni Ziara Ipi ya Kuongozwa Inayostahili Fedha Yako

Anayetafuta ziara ya kutembea kwa miguu mjini Florence, Italia, hukutana na matangazo mengi yanayofanana kwa maneno na kupishana sana kwa bei, na kwa kuwa karibu yote hutaja kuba la Brunelleschi juu ya kanisa kuu, sanamu ya David ya Michelangelo na daraja la Ponte Vecchio, ni rahisi kudhani kwamba bidhaa ni ileile. Sivyo. Kuingia ndani ya kanisa kuu ni bure, viwanja havina mlango, na daraja hilo hulipiti kwa tiketi. Unachokilipia ni mtu anayejua kukuonyesha kile ambacho macho yako peke yake yangekiruka. Kwa sababu hiyo nimezipanga ziara hizi kwa kuangalia mgeni anaelewa nini baada ya saa tatu, wala si kwa wingi wa majengo yaliyoorodheshwa kwenye tangazo.

Nafasi ya kwanza naipa ziara ya kundi dogo, la watu wasiozidi 12, inayoshika mada moja na kuongozwa na mtu aliyesomea historia ya sanaa. Iliyo bora zaidi kwa mgeni wa mara ya kwanza ni ile ya Florence ya karne ya 15, inayotoka uwanja wa kanisa kuu hadi uwanja wa Piazza della Signoria. Kanisa hilo lilianza kujengwa mwaka 1296 chini ya msanifu Arnolfo di Cambio, na baadaye wenyeji walijikuta na tundu la upana wa takriban mita 45 juu ya madhabahu bila fundi aliyejua namna ya kulifunika. Kati ya mwaka 1420 na 1436 msanifu Filippo Brunelleschi alilifunika bila kujenga kiunzi cha mbao cha kulibeba kuba kutoka chini: alijenga maganda mawili, moja ndani ya jingine, na kuyapanga matofali kwa mtindo wa mifupa ya samaki ili yasiteleze kabla chokaa haijashika. Mwongozaji mzuri hulieleza jambo hili akiwa amelisimamisha kundi upande wa kusini wa kanisa, karibu na sanamu ya Brunelleschi mwenyewe aliyeinua uso kulitazama kuba lake, na huchukua muda wa kutosha hadi kila mtu aelewe.

Mimi, hata hivyo, humpima mwongozaji kwa Orsanmichele. Jengo hili lilikuwa soko la nafaka kabla ya kuwa kanisa, na kuta zake za nje zina vishubaka ambamo kila chama cha mafundi au wafanyabiashara kilitakiwa kuweka sanamu ya mtakatifu wake. Chama cha Calimala, cha wafanyabiashara wa nguo, kilimwagiza mchongaji Lorenzo Ghiberti sanamu kubwa ya shaba, madini yaliyokuwa ghali mno kuliko marumaru, na wenye benki wakafuata kwa shaba yao. Waunda silaha, wasio na utajiri huo, walimpata Donatello, naye akawachongea Mtakatifu George wa marumaru ambaye leo amehifadhiwa katika jumba la Bargello. Waashi na maseremala waliagiza kwa Nanni di Banco watakatifu wanne, na chini ya miguu yao wakaonyeshwa mafundi wakiwa kazini. Katika mzunguko mmoja wa jengo, mgeni huona jinsi fedha, fahari na ushindani vilivyoizaa sanaa ya mji huu. Ziara inayopita hapo bila kusimama, ili iwahi duka la ngozi, haistahili bei ya kundi dogo.

Ya pili ni mwongozaji binafsi. Huyu kwa kawaida hulipwa kwa kundi zima na si kwa kichwa, hivyo familia ya watu watano au marafiki waliosafiri pamoja wanaweza kukuta kwamba mgawo wa kila mmoja unakaribia bei ya kundi dogo, huku wakiwa na uhuru wa kuuliza na kupumzika. Kwa wazee na watoto ningeliweka chaguo hili juu ya lile la kwanza bila kusita. Kwa msafiri mmoja ni gharama isiyo ya lazima.

Ya tatu ni ziara ya Oltrarno, ng'ambo ya mto Arno, na ninaipendekeza kwa yeyote mwenye siku ya pili. Kiini chake ni kikanisa cha Brancacci, ndani ya Santa Maria del Carmine, ambako Masaccio alichora ukutani, katika miaka ya 1420, Adamu na Hawa wakifukuzwa bustanini kwa uchungu unaoonekana hadi mabegani mwao. Wageni huingizwa kwa idadi maalumu na kwa muda mfupi, kwa hiyo hakikisha kwamba nafasi ya kuingia imekwisha kulipiwa ndani ya bei.

Ya nne ni ziara zinazotangazwa kuwa za bure, ambazo mgeni hutoa bahashishi mwishoni. Zinafaa jioni ya kwanza, kwa kuujua mji tu, kwani makundi huwa makubwa na hayaingii ndani ya majengo. Hapa ndipo pa kukumbuka kwamba sheria ya Italia inamtaka mwongozaji wa watalii awe na leseni. Kuomba kuona kitambulisho chake si utovu wa adabu.

Ya mwisho kabisa ni ziara ya siku nzima inayojumuisha majumba ya sanaa ya Uffizi na Accademia pamoja na kanisa kuu. Huonekana nafuu, lakini baada ya picha za Botticelli na vyumba vingi vya Uffizi akili huwa imechoka, na David, aliyeko Accademia, hupewa dakika chache. Majumba haya mawili hufungwa Jumatatu na hufunguliwa saa mbili na robo asubuhi siku nyingine. Ni afadhali kuyagawa kwa asubuhi mbili.

Kabla ya kulipa, soma tangazo kwa makini. "Kuona David" kunaweza kumaanisha nakala iliyo mbele ya jumba la Palazzo Vecchio, kwa kuwa sanamu halisi ilihamishiwa Accademia mwaka 1873. Vivyo hivyo milango ya dhahabu ya Ghiberti kwenye jengo la ubatizo ni nakala, na ile halisi imo katika jumba la makumbusho la Museo dell'Opera del Duomo. Kupanda kubani, ngazi 463, kunahitaji tiketi ya saa maalumu. Msafiri wa Tanzania, Kenya au Uganda anayesubiri viza ya Schengen achague ziara inayorejesha fedha zote mgeni akighairi, hata kama bei yake iko juu kidogo, na asilipe moja kwa moja ile isiyorejesha kabla pasipoti haijamrudia mkononi.