Santuri Ipi ya OMD Ununue: Hesabu Kwanza Dakika za Kila Upande

Mwezi wa Machi nilinunua santuri ya mkusanyo wa nyimbo za Orchestral Manoeuvres in the Dark, bendi ya Uingereza ya muziki wa sinthesaiza, yaani vinanda vya umeme vinavyounda sauti, ambayo mashabiki wake tunaiita OMD, katika kibanda cha mitumba hapa Leicester, Uingereza, ninapoishi. Muuzaji alikuwa amebandika karatasi inayosema kwamba iko katika hali nzuri sana, nami nilipoigeuzageuza chini ya taa sikuona mkwaruzo hata mmoja. Nyumbani upande wa kwanza ulianza vizuri, lakini kadiri sindano ilivyosogea kuelekea katikati, sauti ilianza kuchakaa, na kila herufi ya s ikawa inaruka kama mafuta kikaangoni. Nilidhani sindano yangu imekwisha, nikanunua nyingine kwa pauni 40, nikairudia santuri tangu mwanzo, na kelele ikabaki palepale. Ndipo nilipofanya jambo ambalo ningelifanya kabla ya kutoa pesa: nilitazama saa. Upande mmoja ulikuwa na dakika 29.

Tangu niliposimulia kisa hicho, wasomaji wawili, mmoja wa Mombasa na mwingine wa Muscat, wameniandikia kwamba yamewapata hayohayo na wote walikuwa wamelaumu gramafoni zao. Kwa hiyo mwongozo huu hautazungumzia mikwaruzo, wala rangi ya plastiki, wala uzito wa gramu 180 ambao wauzaji wanautangaza kana kwamba wanauza nyama. Santuri nzito haina mfereji, ile njia iliyochongwa ambayo sindano huifuata, mrefu zaidi kuliko santuri nyepesi. Ninachokipima hapa ni dakika za kila upande, na ni wimbo gani umewekwa karibu kabisa na lebo, ile karatasi ya duara iliyo katikati ya santuri.

Santuri kubwa huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, yaani kila mzunguko huchukua sekunde 1.8, mwanzoni hata mwishoni. Ukingoni, ambako kipenyo cha mfereji ni takriban sentimeta 29, sindano husafiri sentimeta 91 hivi katika muda huo. Karibu na lebo, ambako kipenyo kimepungua hadi sentimeta 12 hivi, husafiri sentimeta 38 tu. Muziki uleule unabanwa katika nafasi isiyofikia nusu ya ile ya mwanzo, na sauti kali ndizo zinazoumia kwanza. Zaidi ya hapo, besi nzito huhitaji mfereji mpana, kwa hiyo fundi mchongaji anapopewa dakika nyingi hana budi kupunguza besi au kushusha sauti yote, na sauti ikishuka vumbi husikika zaidi. Bendi ya magitaa huenda ikavumilia adhabu hiyo. Bendi iliyojengwa juu ya sinthesaiza haivumilii.

Naungama mapema kwamba ninaipendelea kampuni ya santuri ya Dindisc, na anayetaka mwamuzi asiye na upande amtafute kwingine. Ilikuwa kampuni ndogo chini ya ile kubwa ya Virgin, ikiongozwa na Carol Wilson, na majalada yake yalisanifiwa na Peter Saville. Albamu tatu za kwanza za OMD zilitoka huko, na kila nakala ya Dindisc niliyowahi kuiweka kwenye gramafoni imenipa sauti pana isiyobanwa.

Nafasi ya kwanza naipa Architecture & Morality ya mwaka 1981, yenye nambari ya toleo DID 12, na siioni santuri nyingine yao inayoikaribia. Albamu nzima haifiki dakika 40, hivyo kila upande una dakika 20 au pungufu, na mfereji unapumua. Andy McCluskey na Paul Humphreys, vijana wa Wirral ng'ambo ya mto kutoka Liverpool, walikuwa wameanza OMD mwaka 1978 kwa vifaa vya kuungaunga na mashine ya kurekodi waliyoipa jina Winston. Miaka mitatu baadaye walikuwa wamepata Mellotron, kinanda ambacho kila kidole kinapobonyeza huchezesha kipande cha ukanda uliorekodiwa, na zile sauti za kwaya zinazofunika albamu hii zinatoka humo. Single zake tatu, yaani nyimbo zilizouzwa pia moja moja kwenye santuri ndogo, Souvenir anayoiimba Humphreys, na mbili za McCluskey kuhusu Joan wa Arc, zote ziliingia katika tano bora za Uingereza. Wengi huinunua kwa ajili ya hizo. Mimi naisifu kwa sababu wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza ni Sealand, wa zaidi ya dakika 7, wa polepole, unaojengeka kama ukungu unaopanda kutoka baharini, na hauna sauti za kuchoma. Mahali pale ambapo mfereji ni dhaifu kuliko pote, wameweka muziki unaodai kidogo kuliko wote. Iwe walikusudia au ilitokea tu, sikio la mnunuzi ndilo linalofaidika.

Mimi nililipa pauni 12 kwa nakala ya Dindisc yenye jalada lililochakaa pembeni. Jalada hilo lilitolewa kwa rangi zaidi ya moja, na sasa wauzaji wamegeuza rangi kuwa kisingizio cha kupandisha bei, ilhali ndani ni santuri ileile. Usikubali kulipia rangi ya karatasi.

Ya pili ni Organisation ya mwaka 1980, DID 6. Inaanza na Enola Gay, wimbo kuhusu ndege iliyoangusha bomu la atomiki juu ya Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, ambao ulifika nafasi ya 8 nchini Uingereza huku watu wakiucheza bila kujali unasema nini. Hapa umewekwa ukingoni kabisa mwa upande wa kwanza, mahali bora kuliko pote kwenye santuri, na ule muziki wake wa sinthesaiza unaoanza kama filimbi hutoka safi. Upande wa pili unamalizikia kwa Stanlow, uliopewa jina la kiwanda cha kusafishia mafuta cha Cheshire; ni mrefu, mzito na mpole. Ukilinganisha nakala ya Dindisc na mkusanyo wowote uliosheheni nyimbo, tofauti ya Enola Gay peke yake inatosha kukuonyesha ninachosema. Nakala za mwanzo ziliambatana na santuri ndogo ya bure, na leo mara nyingi haimo. Muulize muuzaji kabla, kwa maana wapo wanaodai bei ya nakala kamili kisha wanashangaa sana unapofungua jalada.

Katika nafasi ya tatu nimeweka Dazzle Ships ya mwaka 1983, na najua baadhi yenu mtanikatalia. Baada ya mafanikio ya albamu iliyotangulia, bendi ilichukua sauti za redio za masafa mafupi, huduma za simu za kutaja saa na mashine za kuzungumza, ikazichanganya na nyimbo zake, na wanunuzi wakaikimbia. Jina linatokana na mchoro wa Edward Wadsworth wa mwaka 1919 unaoonyesha meli za kivita zilizopakwa milia ya kumchanganya adui, zikiwa gatini Liverpool. Ni fupi kuliko zote nilizozitaja, na kwa mizani yangu hilo linatosha kuipandisha. Hapa siwezi kuitetea Dindisc kwa kuwa bendi ilikuwa imehamia Virgin moja kwa moja. Nakala ninayoipendekeza ni ile iliyochongwa upya na kutolewa mwaka 2018 pamoja na albamu tatu za mwanzo, ambapo mashine ya kuchonga na muziki wenyewe viliendeshwa kwa nusu ya kasi ili kisu kipate muda maradufu wa kufuata sauti kali. Ni ghali, lakini hiyo ni kazi inayosikika, si namba ya gramu.

Ya nne ni albamu ya kwanza yenyewe, iliyoitwa kwa jina la bendi, ya mwaka 1980. Historia yake inanifurahisha kuliko sauti yake: walitumia pesa za utangulizi kutoka Dindisc kujijengea studio yao Liverpool, The Gramophone Suite, kwa hesabu kwamba albamu isipouza angalau studio itabaki. Humo mna Electricity, wimbo ambao mwaka 1979 ulikuwa umetoka kwanza kwa kampuni ya Factory ya Manchester, na mna Red Frame/White Light, wimbo kuhusu kibanda cha simu cha barabarani walichokifanya ofisi yao. Tahadhari ni moja. Wimbo wa Messages ulioko hapa si ule uliovuma redioni. Ule uliofika nafasi ya 13 ulirekodiwa upya pamoja na mtayarishaji Mike Howlett, na msomaji aliyeninung'unikia kwamba ameuziwa mbuzi kwenye gunia alikuwa tu hajaijua tofauti hiyo. Jalada la awali lina matundu yaliyokatwa mstari kwa mstari, nayo huchanika unapochomoa santuri kwa pupa.

Albamu tatu zinazofuata, Junk Culture ya 1984, Crush ya 1985 na The Pacific Age ya 1986, zinapatikana kirahisi katika mitumba ya Uingereza na hazijabanwa sana. Nunua ya kwanza kati yake kwa ajili ya Locomotion na Tesla Girls, na ya pili kwa ajili ya So in Love, iliyowafungulia mlango wa Marekani. Ya tatu iache mpaka uwe umemaliza nyingine zote. Wimbo wao uliopanda juu kuliko wote huko Marekani, If You Leave, uliofika nafasi ya 4 mwaka 1986, haumo katika yoyote ya hizo, kwa sababu ulitungwa kwa ajili ya filamu ya Pretty in Pink. Huo ndio mtego unaowapeleka watu kwenye mikusanyo.

Sasa nifike kwenye mikusanyo, ambako ndiko hasira yangu ilikozaliwa. The Best of OMD ya mwaka 1988 ilifika nafasi ya 2 Uingereza, na ukitaka kujua muongo wao wa kwanza kwa mkupuo mmoja, uteuzi wake ni mzuri. Lakini santuri yake ina nyimbo 14, na kwa kipimo changu nyimbo 7 za redio kwa kila upande ni nyingi mno. Inunue kwenye CD, ambako kuna nyimbo 18 na hakuna mfereji wa kubana. Anayetaka historia nzima bila gramafoni anunue Souvenir ya mwaka 2019, yenye CD 2 na single 40. Ni rahisi, ni kamili, na sina la kuongeza.

Kinachonikera ni kwamba taarifa ya dakika haifichiki hata kidogo. Mara nyingi muda wa kila wimbo umeandikwa kwenye lebo yenyewe, na muuzaji aliyekaa miaka ishirini nyuma ya meza ya santuri anajua kabisa maana ya dakika 29. Hata hivyo anakadiria hali ya bidhaa kwa macho tu, anaandika nzuri sana, na ukirudi kulalamika anakutuma ukabadilishe sindano. Wa mtandaoni ni wabaya zaidi, kwa sababu hupiga picha jalada pande zote nne na kusahau lebo. Siku hizi sinunui kwa mtu asiyenitumia picha ya lebo. Kwa msomaji wa Mombasa au Muscat jambo hili lina uzito zaidi, maana gharama ya kusafirisha huweza kuizidi bei ya santuri, na mzigo ukikaa kwenye joto huenda ukafika umepinda.

Kwa wanaopenda miaka ya baadaye, mambo ni mafupi. Mwaka 1989 Humphreys aliondoka pamoja na mpiga ngoma Malcolm Holmes na mpiga kinanda Martin Cooper, McCluskey akabaki na jina, na mwaka 1991 akatoa Sugar Tax yenye Sailing on the Seven Seas, iliyofika nafasi ya 3. Ina nyimbo 12, ilitungwa zama za CD, kwa hiyo inunue kwenye CD. Baada ya Universal ya 1996 bendi ilinyamaza, safu ya zamani ikarudi pamoja mwaka 2006, na Bauhaus Staircase ya mwaka 2023 ikafika nafasi ya 2. Hiyo ningeinunua mpya dukani bila kusitasita, maana wauzaji wa mitumba hawajaigusa.

Ule mkusanyo wa dakika 29 nilimrudishia muuzaji wake. Alinipa pauni 4 badala ya 9 nilizomlipa, akaurudisha papo hapo kwenye sanduku, na ile karatasi ya hali nzuri sana bado imebandikwa.