Ngram Viewer ya Google: inafaa kiasi gani kusaka asili ya "below the belt"?

Mwingereza akilalamika kwamba umempiga "below the belt", maana yake umeiacha hoja ukamshika pabaya. Mbunge akiichambua bajeti kwa takwimu, hata kwa ukali, hajakosea. Akiingiza ndoa ya waziri iliyovunjika, hapo amepiga chini ya mkanda. Si kijembe. Kijembe huweza kuwa cha haki, ila kimefichwa ndani ya fumbo. Huku kosa ni mahali pigo linapotua.

Kwamba msemo umetoka kwenye ndondi, hilo halina ubishi. Ubishi ni wa tarehe, na hapo ndipo wengi hukimbilia Ngram Viewer, chombo cha bure cha Google cha tangu 2010 kinachochora jinsi maneno yalivyotumika vitabuni mwaka hadi mwaka. Hakidai akaunti.

Usiandike "below the belt" peke yake. Utazoa mishipi ya nguo na mikanda ya chuma ya manowari. Andika "hit_INF below the belt", nacho kitakuchorea hit, hits na hitting kila moja na mstari wake. Kikomo ni maneno matano, kwa hiyo "hit him below the belt" inapita kwa taabu. Kisha shusha ulainishaji (smoothing) kutoka 3 hadi 0. Ukiuacha kwenye 3, kila nukta ni wastani wa miaka saba, na mstari huanza kupanda kabla msemo haujatokea. Usiweke alama kwenye kisanduku cha kupuuza herufi kubwa na ndogo: hakichanganyiki na _INF.

Kasoro kubwa iko kwenye sifuri. Maneno yasiyofikisha vitabu 40 hayaingizwi kabisa, kwa hiyo mstari uliolala chini si ushahidi kwamba watu hawakuusema msemo. Ubaya zaidi, magazeti yameachwa nje, na lugha ya ulingoni ilikuzwa na magazeti ya michezo kama Bell's Life in London, lililoanza 1822. Tarehe nazo hudanganya: toleo jipya la kitabu cha zamani huhesabiwa kwa mwaka wa toleo. Bofya viungo vya miaka chini ya grafu, fungua kurasa zenyewe, usome kama anayepigwa ni bondia au ni mwanasiasa.

Na grafu haikusomei kanuni. Wengi hudai msemo ulizaliwa na kanuni za ndondi za Queensberry za 1867. Zisome zote 12: mkanda haumo. Ya mwisho inasema tu kwamba mengine yafuate kanuni za London Prize Ring, za ndondi za kabla yake, na ni hizo zilizohesabu pigo la chini ya kiuno kuwa faulo. Tena zilitumia neno "waistband" (ukanda wa kiunoni), kwa hiyo tafuta na hilo. Bondia wa Uingereza Jack Broughton, katika kanuni zake, alikuwa amekwisha kukataza kumkamata mpinzani chini ya kiuno mwaka 1743.

Kwa kulinganisha kuenea kwa misemo, nakipa nne kwa tano. Kwa kusaka matumizi ya kwanza, mbili; anza na kamusi ya Oxford, inayonukuu sentensi zenye tarehe. Anayetaka kujua "chini ya mkanda" iliingia lini kwenye Kiswahili asihangaike nacho: kina Kiebrania, Kirusi na Kichina, Kiswahili hakimo.