Kuwagawa wanafunzi kwa kiwango, au kuwafundisha pamoja?

Katika gredi ya 4 huku Lamu, mtoto mmoja anasoma hadithi nzima, mwenzake bado anaunganisha silabi. Mwalimu afanyeje?

Njia ya kwanza ilienezwa na shirika la Pratham la India: kwa sehemu ya siku, watoto hupangwa kwa kiwango cha kusoma, si kwa gredi. Aliyekwama kwenye silabi hufundishwa silabi. Lakini kugawa makundi kunataka walimu wa kutosha, na shule ndogo ya kisiwani huenda haina. Watoto nao hutambua upesi nani yuko kundi la chini.

Njia ya pili huwaacha pamoja, kazi ndiyo ibadilike. Kwenye somo la jahazi, mmoja anaandika insha. Mwingine anachora na kuandika majina ya sehemu zake: tanga, foromali, mlingoti. Asiyeona vizuri anaketi mbele na kupewa maandishi makubwa. Maandalizi humchosha mwalimu, kweli. Hata hivyo naipendelea kwa masomo mengi, maana mtoto wa nahodha anayesoma kwa shida huenda ndiye anayelijua jahazi kuliko wote, na akizungumza darasa zima linafaidika. Kusoma kwenyewe ndiko ningekutengea saa ya makundi, hasa kwa waliochelewa sana.