Seek kwenye Njia ya Marangu: Programu ya Maua Inayojua Mahali pa Kukomea

Seek ni programu ya simu inayotambua mimea na wanyama kwa kutumia kamera. Imetengenezwa na iNaturalist, mradi wa mtandaoni ambako watu huweka picha za viumbe walivyoviona, ulioanza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ambao tangu mwaka 2023 umekuwa taasisi inayojitegemea isiyolenga faida. Programu hii ni ya bure, haina matangazo, haimlazimishi mtumiaji kujiandikisha, na hufanya kazi ya kutambua ndani ya simu yenyewe bila kuhitaji mtandao. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niichague kwa ajili ya kutazama maua ya Kilimanjaro, ambako mtandao si kitu cha kutegemea, na ambako kuchuma ua ili ukaulize baadaye hakuruhusiwi, kwa kuwa ni ndani ya hifadhi ya taifa.

Namna inavyofanya kazi inastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu thamani yake yote imo humo. Ukielekeza kamera kwenye mmea, vitone vilivyopangwa kwa mstari kwenye skrini huanza kujaa kimoja baada ya kingine: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, na mwisho kabisa spishi, yaani kutoka kundi pana kabisa la viumbe hadi aina moja mahususi. Ukisogea karibu au ukibadilisha upande, vitone huongezeka au hupungua mbele ya macho yako. Programu isipokuwa na uhakika wa kutosha, husimama kwenye familia au jenasi na haikupi jina la spishi. Wako watakaoona huo ni upungufu, hasa wale waliozoea programu ambazo hazikosi jibu hata ukizionyesha kiatu. Mimi naona huo ndio uungwana wake mkubwa, na kwa Kilimanjaro una faida ya pekee.

Chukua mfano wa lobelia. Mtu akifika Horombo, kituo cha vibanda vya wapandaji kwenye njia ya Marangu, mita 3,720, atakuta kandokando ya vijito mimea yenye majani yaliyojipanga kwa duara na kushika maji katikati, na mingine ikiwa imetoa mnara mnene ambao maua yake ya buluu yamejificha nyuma ya vijani vilivyobanana. Hata Seek ikikomea kwenye jenasi ya Lobelia, kazi imekwisha, kwa sababu lobelia ya ukanda huo wa juu wa Kilimanjaro ni moja tu, Lobelia deckenii. Ile ndefu ya msituni, Lobelia gibberoa, umeshaiacha chini sana. Jenasi ukiiunganisha na mwinuko, unapata spishi bila programu kukisia.

Msituni, kabla ya kibanda cha Mandara, mambo ni mazuri zaidi kwa macho na magumu zaidi kwa kamera. Humo kwenye kivuli na unyevu ndimo linamoota ua dogo jekundu lenye mkia uliojikunja kama mkonga, Impatiens kilimanjari, ambalo kiasili halioti popote duniani ila kwenye mlima huu. Jirani yake huota Impatiens pseudoviola, lenye rangi nyepesi zaidi, na mawili haya huzaliana yenyewe kwa yenyewe, yakatoa machotara yenye rangi na umbo la kati. Hapo hakuna picha moja inayoweza kumaliza ubishi, na programu inayosimama kwenye jenasi inasema ukweli kuliko inayotaja spishi. Ushauri wangu ni kupiga picha ya ua kwa mbele, kisha kwa ubavu ili mkia uonekane wote, kisha ya jani.

Penye maua ya jenasi ya Helichrysum, yale makavu yanayoguswa kama karatasi, jenasi pekee haitoshi, maana mlimani yako ya aina nyingi. Helichrysum meyeri-johannis, lililopewa jina la Hans Meyer aliyefika kileleni mwaka 1889, hutambulika kwa wekundu wa vichwa vyake kabla havijafunguka. Helichrysum newii ndilo shupavu kuliko yote, kwani limewahi kukutwa juu ya mita 5,500. Kwa kundi hili Seek peke yake haifui dafu, na mtumiaji ahifadhi picha zake, kisha akirudi Moshi azipandishe kwenye iNaturalist kwenyewe, ambako watu wanaoijua mimea huzipitia na kupendekeza majina. Pale zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa majina wanapokubaliana, kumbukumbu hiyo hupanda daraja na inaweza kutumiwa na watafiti.

Jambo la kuzingatia ni kwamba programu ya aina hii hujifunza kutokana na picha zilizokwisha kukusanywa, na mimea ya Ulaya na Marekani imepigwa picha nyingi kuliko ya kwetu. Kwa hiyo mtu aliyeitumia kwenye milima ya Alps asitarajie huku apate majibu ya spishi kwa wepesi uleule. Tena majina yake ni ya sasa: mti mnene wenye joho la majani makavu, ambao vitabu vya zamani viliuita Senecio, humu utaukuta chini ya Dendrosenecio.

Asiye na nafasi ya kupanda hadi Horombo anaweza kuijaribu kwa safari ya siku moja ya kwenda Mandara na kurudi, akiongeza matembezi mafupi hadi kreta ya Maundi, maana hapo msitu unapoishia hukutana na vichaka vya Erica na maua ya uwazini. Amweleze mwongozaji mapema kwamba amekuja kwa ajili ya maua, kwa kuwa mtazama maua huenda taratibu kiasi kwamba hata waliozoea kuwaambia wageni “pole pole” huanza kumhimiza. Simu ikae mfuko wa ndani wa koti, kwa sababu baridi humaliza betri haraka.

Kwa wanaofikiria kuitumia Kitulo, hifadhi ya taifa ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania iliyoanzishwa mwaka 2005 na inayosifika kwa okidi, nina neno moja la ziada. Viazi vya okidi za nyanda hizo huchimbwa na kuuzwa Zambia kwa ajili ya chikanda, chakula cha huko kinachopikwa kwa viazi hivyo. Ukituma picha kutoka Seek kwenda iNaturalist, kuna sehemu ya kuchagua iwapo mahali paonekane wazi au pafichwe. Mfumo huficha wenyewe mahali zilipo spishi zilizoorodheshwa kuwa hatarini, lakini si kila okidi imo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo chagua kuficha kila mara.